"Pasta, Niuze Shamba Juu ya Kuimba?" Namna ya Kumwandaa Kijana Anayetaka Kusomea Muziki na Maigizo



Jumapili moja baada ya ibada, papa mmoja wa kanisa letu alinivuta pembeni, chini ya mwembe. Yeye ni mkulima wa mpunga katika bonde la Ruzizi. Binti yake ana miaka 16, yuko mwaka wa pili wa humanite, opsheni ya pedagojia, na anaongoza sauti ya kwanza katika kwaya ya vijana. Tangu igizo letu la Noeli, ambamo aliimba na kuigiza sehemu ya Mariamu, nyumbani anasema jambo moja tu: akimaliza shule anataka kwenda chuo kusomea kuimba na kuigiza jukwaani. Papa akaniuliza kwa sauti ya chini: "Pasta, niuze shamba juu ya kuimba?"

Sikumjibu siku ile. Nilimwomba anipe wiki mbili, kwa sababu swali lake lilinikumbusha jambo ambalo sikupenda kulikumbuka.

Miaka iliyopita kijana mwingine wa kwaya yetu alikuja na ombi kama hilo. Alipoimba, watu walilia. Tulimwekea mikono, tukakusanya sadaka ya nauli, akaenda katika mji mkubwa kufanya mtihani wa kuingia shule ya sanaa. Huko waliweka karatasi ya noti mbele yake, hakuweza kuisoma. Wakamwomba aseme kipande cha tamthilia kwa Kifaransa bila kuangalia kitabu, hakuwa nacho. Wakamwomba wimbo wa pili, tofauti na ule wa kwanza, akachagua wimbo wa redioni uliokuwa juu mno kwake, sauti ikakatika katikati. Walimwambia ajiandae, arudi mwaka unaofuata. Huko hakurudi, na nyumbani pia hakurudi kwa muda mrefu, kwa sababu aliona haya mbele yetu sisi tuliotoa nauli. Waliompima walifanya kazi yao. Kosa lilikuwa letu, na langu kwanza: tulimpa maombi na nauli, lakini maandalizi hatukumpa.

Wiki zile mbili nilizitumia kumtafuta kwa simu. Nilimwomba msamaha, kisha nikamwomba anieleze kila kitu alichoulizwa siku ile. Mengi ya yafuatayo yalianzia katika mazungumzo yale. Mengine niliyapata kwa kuuliza walimu wa muziki na kusoma. Ninayaandika kwa ajili ya wazazi na wachungaji wenzangu wa mashariki, kwa maana najua mwembe wetu si wa pekee.

Kazi yenyewe ni nini?

Tamthilia ya muziki ni mchezo wa jukwaani ambamo hadithi moja inasemwa, inaimbwa na kuchezwa kwa mwili. Mwigizaji hasimami kuimba kisha akaketi. Anaimba akiwa mtu mwingine: mama aliyefiwa, askari, mwanafunzi. Kwa hiyo lazima awe na ufundi wa aina tatu kwa pamoja: sauti, maigizo na mwendo wa mwili.

Wengi wetu tumeona filamu ya Sarafina!, iliyotoka mwaka 1992. Kabla ya kuwa filamu ilikuwa tamthilia ya muziki ya Mbongeni Ngema wa Afrika Kusini, kuhusu wanafunzi wa Soweto walioinuka mwaka 1976. Ilionyeshwa kwanza Johannesburg mwaka 1987, na mwaka 1988 ikafika Broadway, mtaa wa kumbi za maigizo huko New York. Aliyeigiza Sarafina ni Leleti Khumalo, mzaliwa wa 1970 wa KwaMashu, karibu na Durban. Alipokuwa msichana mdogo alijiunga na kikundi cha dansi cha vijana wa mtaa, kilichofanya mazoezi katika ua wa nyumba. Ngema alimwona akiwa bado kijana, na alipofika miaka 18 jina lake lilikuwa miongoni mwa waliopendekezwa kwa tuzo ya Tony, tuzo kubwa ya maigizo ya Marekani. Wazazi, mtaje mambo hayo kwa mpangilio wake mbele ya watoto wenu: ua wa nyumba ulitangulia, Broadway ikafuata.

Je, ni kazi ya mtu wa Mungu?

Wazee wa kanisa waliniuliza hivyo, nami nawajibu kwa Maandiko. Katika 1 Mambo ya Nyakati 15:22 Kenania aliwekwa kusimamia uimbaji kwa sababu alikuwa na ustadi. Katika sura ya 25 ya kitabu hicho hicho, waimbaji waliofundishwa kwa ajili ya nyumba ya Bwana walikuwa 288, walimu pamoja na wanafunzi wao. Maana yake, katika Israeli uimbaji ulikuwa na shule. Haikutosha mtu kuwa na sauti nzuri.

Na maigizo? Ezekieli 4 inatuonyesha nabii akichora mji juu ya tofali na kuuzingira mbele ya watu. Katika Matendo 21 Agabo alijifunga mikono na miguu kwa mshipi wa Paulo ili kanisa lione kitakachompata. Manabii walijua kwamba kuna ujumbe ambao watu huuelewa vizuri wakiuona.

Lakini sifichi upande wa pili. Jukwaa lina majaribu yake: sifa, usiku, pombe, watu wazima wanaotumia ndoto za vijana vibaya. Kuhusu hayo nitasema zaidi mbele. Kwa sasa niseme hivi: kijana mwenye wito huu, tukimfukuza ataenda vilevile. Tofauti ni kwamba ataenda peke yake.

Milango iliyo karibu nasi

Katika nchi zetu mara nyingi kijana huingia kwa mlango wa muziki au kwa mlango wa maigizo, kisha hujifunza vingine akiwa ndani. Milango ninayoweza kuitaja ni hii.

Kinshasa kuna Institut National des Arts, ambayo wote huiita INA. Ni taasisi ya elimu ya juu ya serikali yenye mafunzo ya muziki na ya sanaa ya maigizo. Inataka diploma ya serikali, na masomo ni kwa Kifaransa. Kwa sisi wa Kivu ugumu mkubwa ni safari: watu huenda kwa ndege, na katika siku za vita viwanja vya ndege na barabara vinaweza kufungwa kwa miezi mingi.

Tanzania kuna TaSUBa, Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo, kaskazini ya Dar es Salaam. Ilianza mwaka 1981 kwa jina la Chuo cha Sanaa Bagamoyo. Hapo muziki, ngoma na maigizo vinaishi katika uwanja mmoja, na mtoto wetu atajikuta kati ya watu wanaozungumza Kiswahili kila siku. Karibu na Arusha kuna chuo kikuu cha Makumira cha ndugu zetu Walutheri, chenye shahada ya muziki. Kinamfaa zaidi yule ambaye moyo wake uko katika muziki kuliko maigizo.

Uganda kuna Chuo Kikuu cha Makerere, ambako idara ya muziki, ngoma na maigizo ilianza mwaka 1971. Huko masomo ni kwa Kiingereza.

Kongo iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini hilo halikuondoa kazi ya karatasi. Diploma yetu lazima itafsiriwe na kulinganishwa na vyeti vya nchi ile. Tanzania, kwa vyeti vya sekondari, kazi hiyo hufanywa na Baraza la Mitihani, NECTA. Mwanafunzi atahitaji pia pasipoti na kibali cha mwanafunzi. Anzeni mapema, mwaka mzima kabla.

Ndugu zetu waliohamia Marekani nao huuliza. Huko kuna vyuo vinavyotoa shahada ya tamthilia ya muziki yenyewe. Vyuo vingi hutaka kwanza video, kisha huita wanaochaguliwa kuimba nyimbo mbili zinazotofautiana, kusema kipande kifupi cha tamthilia na kucheza dansi. Usaili mkubwa wa vyuo vingi kwa pamoja hufanyika kila mwaka, Januari na Februari, katika miji kama Chicago na New York. Kwa hiyo mtoto wa huko aanze kujiandaa mwaka mmoja na zaidi kabla ya kumaliza sekondari. Mlango ni mwingine, lakini atapimwa yaleyale manne ninayoyaeleza hapa chini.

La kwanza: sauti

Kwaya zetu huwapa watoto zawadi kubwa. Wanasikia sauti nne tangu utoto, na hawaogopi watu. Lakini kwaya pia hufundisha desturi mbaya, hasa kupiga kelele ili kushinda spika na ngoma. Sauti hutoka kwenye nyuzi mbili ndogo zilizo ndani ya koo. Zikigonganishwa kwa nguvu kila siku, huvimba, na sauti huanza kukwaruza.

Kijana ajifunze kupumua kwa chini. Akivuta pumzi, mabega yasipande. Mbavu za chini na tumbo ndizo zitanuke. Zoezi rahisi: avute pumzi, kisha aitoe polepole kwa sauti ya "sss" kwa sekunde 15 bila kutikisika. Baada ya wiki chache afike 20, halafu 30. Kabla ya kuimba atetemeshe midomo kama mtoto anayeiga pikipiki, akipanda na kushuka kwa sauti ndogo, dakika 10. Watoto hucheka, lakini zoezi hilo linalainisha koo kuliko kuanza na wimbo mkubwa wa sifa.

Wavulana tuwahurumie. Sauti yao huvunjika, kwa wengi kati ya miaka 12 na 15 hivi. Wakati huo wasilazimishwe kuendelea na sauti ya juu ya utoto wao, wala kushuka kwenye besi kabla ya wakati. Na kijana yeyote ambaye sauti yake inakwaruza zaidi ya wiki tatu apumzike kuimba, aonwe na daktari. Tangawizi si jibu la kila kitu.

La pili: noti

Hapa ndipo kijana wetu wa kwanza alipoangukia, na nadhani wengi wa mashariki watakwama hapo hapo, kwa hiyo nitaeleza polepole.

Makanisa yetu mengi yalipokea nyimbo pamoja na herufi d, r, m, f, s, l, t. Njia hii ilianza Uingereza katika karne ya 19. Mwalimu Sarah Glover aliibuni, na mchungaji John Curwen akaiendeleza ili hata watoto wa shule ya Jumapili waweze kuimba kwa kusoma. Wamisionari wakaileta Afrika. Ni njia nzuri, tusiidharau. Ndani yake do ni kama hema: inahama. Wimbo ukianzia juu, do iko juu. Ukianzia chini, do iko chini.

Lakini shule zinazofuata desturi ya Ubelgiji na Ufaransa zina do isiyohama. Do ni noti moja tu kwenye piano, siku zote. Wimbo ambao sisi tungesema umejengwa juu ya do yetu, wao wanaweza kusema umejengwa juu ya sol. Mtoto aliyezoea hema akiingia katika nyumba ya matofali bila kuelezwa tofauti hiyo, ataona kila kitu anachojua kimegeuka uongo. Huko Tanzania na Uganda atakutana tena na desturi nyingine, ya kuziita noti zisizohama kwa herufi C, D, E.

Basi ajifunze mistari mitano ya noti mapema. Saa moja kwa wiki kwa miaka miwili inatosha kusoma wimbo mwepesi. Kama kanisa lina piano ya umeme, mtoto apewe ruhusa ya kuitumia siku za kazi. Isifungwe kabatini ikisubiri Jumapili. Kama halina, zipo programu za simu zenye piano ndogo. Atafute noti ya la yenye mitetemo 440 kwa sekunde, aanzie hapo. Kwaya ikiimba bila ala, apime mwisho wa wimbo kama bado wako pale walipoanzia. Mara nyingi tunashuka bila kujua.

Msiseme kwamba hili haliwezekani kwa waumini wa kawaida. Kinshasa kuna okestra ya simfonia ya Kanisa la Kimbangu, iliyoanzishwa mwaka 1994 na Armand Diangienda, mjukuu wa Simon Kimbangu. Tunatofautiana nao katika mafundisho, lakini katika jambo hili wametufundisha. Walianza na ala chache walizopokezana, wengi wao hawajui noti, na wakafika kuimba na kupiga kazi za Beethoven.

La tatu: maneno

Mtihani wa maigizo hutaka kipande cha tamthilia kilichoshikwa moyoni, cha dakika moja au mbili. Watoto wetu wanaweza kuhifadhi Zaburi nzima, kwa hiyo kumbukumbu wanayo. Kinachokosekana ni kuyasema maneno kama mtu anayeyawaza sasa hivi, asiyesoma hotuba.

Kwa Kifaransa kuna tamthilia ya Aimé Césaire kuhusu Lumumba, Une saison au Congo, ya mwaka 1966. Kwa Kiswahili kuna Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1969, na tafsiri ambazo Mwalimu Nyerere alifanya kutoka kwa Shakespeare, zikiwemo Juliasi Kaizari na Mabepari wa Venisi. Katika hii ya mwisho kuna hotuba juu ya huruma ambayo binti wa kanisa anaweza kuisema kwa moyo wake wote.

Achague kipande cha mtu anayekaribiana naye kwa umri. Akisome kwanza kwa sauti ya kawaida, ajue kila neno maana yake, ajiulize: ninasema na nani, na ninataka nini kwake? Baada ya hapo tu ndipo akihifadhi. Na Kifaransa chake kifanyiwe kazi kila siku kwa kusoma kwa sauti dakika 15, mtu mwingine akisikiliza na kusahihisha. Hapa Kamanyola mtoto hukua akisikia Kiswahili, Mashi, Kifuliiru, Kinyarwanda na Kirundi. Sikio hilo ni utajiri kwa mwigizaji. Asione haya nalo.

La nne: mwili

Tunacheza vizuri kama kundi, hatua moja, mavazi mamoja. Lakini mwambie mwanakwaya asimame peke yake, asifanye lolote, aseme sentensi tano. Mikono haijui pa kwenda. Macho yanakimbilia chini. Kusimama bila woga ni ufundi wa kufundishwa. Ajizoeze mbele ya watu wawili, kisha watano, kisha kanisa zima.

Ajifunze pia ngoma za wazee wetu, kwa wazee wenyewe, na aweze kueleza zinatoka wapi. Huko chuoni watataka kuona kama anaweza kushika mwendo mpya haraka. Anayejua midundo mitatu tofauti hushika wa nne upesi.

Miaka miwili kabla ya mtihani

Kwa binti wa papa yule tumepanga hivi. Mwaka wa kwanza: kupumua na sauti, noti, kusoma kwa sauti, na kushiriki kila igizo la kanisa na shule. Mwaka wa pili: achague nyimbo mbili, moja ya polepole na moja ya haraka, moja ya kanisa na moja isiyo ya kanisa lakini yenye heshima, zote katika kimo anachoweza hata akiwa na mafua. Achague vipande viwili vya tamthilia, kimoja cha huzuni na kimoja cha kuchekesha. Kila mwezi tumfanyie mtihani wa mfano: watu watatu mezani wasiotabasamu, karatasi ya noti asiyoijua, maswali. Kwa nini unataka kusoma hapa? Utafanya nini usipochaguliwa? Ajibu kweli.

Na masomo ya shule yasiachwe. Bila diploma ya serikali yenye alama nzuri milango niliyoitaja itakuwa migumu, hata akiimba kama malaika. Nilifurahi kwamba anasoma pedagojia. Wasanii wengi huishi kwa kuchanganya kazi: kufundisha, redio, maigizo ya uhamasishaji ya mashirika, kuongoza kwaya. Jukwaa peke yake halilishi kila mtu. Anayeweza kufundisha darasa ana ugali wakati jukwaa limefungwa.

Fedha

Sasa narudi kwa shamba. Nilimwambia papa: usiuze. Mambo manne niliyoyataja hayahitaji shamba. Yanahitaji saa, daftari, megabaiti kidogo, na watu wa kumsikiliza. Kama baada ya miaka miwili mtoto amechoka, familia itakuwa haikupoteza kitu, naye atabaki na Kifaransa kizuri na noti.

Akipata nafasi, iwe kwa barua ya chuo chenyewe. Ombeni orodha ya ada iliyoandikwa. Hesabuni nauli, ada, nyumba, chakula, na vifaa, kisha mzidishe kwa miaka yote ya masomo. Kongo, katika mfumo mpya, licence ni miaka mitatu. Familia nyingi huhesabu mwaka wa kwanza tu, na mtoto hukwama wa pili. Na mtu yeyote anayeahidi nafasi au msaada wa masomo kwa malipo ya mbele kwa simu, msimpe hata faranga moja kabla ya kuuliza chuo wenyewe.

Ulinzi

Hili naliandika kwa wachungaji hasa. Mazoezi ya kijana na mwalimu yafanyike mlango ukiwa wazi na mtu mzima wa pili akiwepo, hata kama mwalimu ni mwanakwaya tunayempenda, hata kama ni mchungaji. Mtoto afundishwe kusema hapana kwa mkuu wa kikundi anayemwita usiku peke yake, na ajue kwamba akisema, tutamwamini kwanza. Kabla hajasafiri, tafuteni kanisa la ECC au la ushirika wetu katika mji ule, mpeni barua, na awe na familia moja ya kula nayo Jumapili.

Na aambiwe kabla ya kuondoka, mbele ya baba, mama na mchungaji, kwamba akishindwa mtihani anarudi nyumbani, na hakuna atakayemdai nauli. Kijana yule wa kwanza aliniambia kwa simu kwamba kuanguka kulimuumiza siku chache tu. Kilichomfanya akae mbali miaka yote ile ni hofu ya nyuso zetu.

Tunafanya nini sasa

Kila Jumamosi saa kumi mchana kanisa letu hufunguliwa kwa saa mbili. Alikuja binti yule, sasa wako saba. Mwalimu mmoja wa Kifaransa anawasomesha maneno. Mama mmoja mzee anawafundisha ngoma na kuwacheka. Noti tunajifunza pamoja nao, hata mimi, na ninakiri kwamba watoto wananipita. Yule kijana wa zamani hutuma sauti kwa simu, akieleza wapi tumekosea. Hajarudi Kamanyola, lakini amesema labda Pasaka.

Juma la kwanza binti alipoambiwa aimbe peke yake bila kwaya nyuma yake, alilia na kuketi. Juma la sita aliimba ubeti mzima. Hatujui bado kama atachaguliwa popote. Baba yake huja mara nyingine baada ya kazi, matope yakiwa bado miguuni, anaketi benchi la nyuma na kusikiliza bila kusema neno. Shamba bado ni lake, na msimu huu amelipanda mpunga.

Makanisa yenye mwalimu wa noti, tunaomba mtukumbuke. Mtuombee, nasi tunawaombea.